Shukrani kwa Marafiki Walioifanya Amani Kuwa Kazi

Karani msimamizi wa mkutano huu, wachungaji na wazee wa kanisa, akina mama wa Umoja wa Wanawake Marafiki, vijana, wageni wenzangu kutoka makanisa jirani, mabibi na mabwana: Bwana asifiwe.

Mmenialika mimi ambaye si mshirika wa kanisa lenu na kunipa jukumu la kutoa neno la shukrani. Naliona jambo hili kuwa la haki, kwa kuwa mwenye nyumba hajishukuru mwenyewe, na ninyi Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka (Quakers), kwa jinsi ninavyowafahamu, mna uzito mkubwa wa kusimulia mliyoyafanya. Ndiyo maana hata hapa Kenya, nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, wapo majirani zenu wanaowajua kwa shule na hospitali zenu, lakini hawajawahi kusikia kwamba mna ushuhuda wa amani wenye umri wa zaidi ya miaka 360. Waswahili walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na leo nataka kueleza ni dhiki zipi mlizotufaa, na kwa njia gani.

Ninalokuja kusema ni hili: amani mnayoihubiri imepata kuaminika kwa sababu mmeifanya kuwa kazi, tena kazi ya polepole ambayo mara nyingi haina mshahara wala picha kwenye magazeti. Wahubiri wa amani hatujawahi kuwakosa, hasa miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1651, wakati Uingereza ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, alikuwa gerezani mjini Derby kwa ajili ya mahubiri yake. Wakuu wa jeshi la Bunge walimwendea wakitaka kumfanya kapteni, jambo ambalo lingemfungulia mlango wa gereza siku ileile. Alikataa. Jibu lake, ambalo Marafiki wamelitunza hadi leo, lilikuwa kwamba yeye anaishi katika uzima na nguvu inayoondoa kile kinachosababisha vita, na akaegemea maneno ya Waraka wa Yakobo kwamba vita na mapigano hutoka katika tamaa zilizomo ndani ya watu. Mwanzoni mwa mwaka 1661, kwa kalenda tunayotumia leo, Marafiki walimpelekea Mfalme Charles wa Pili tamko wakieleza kuwa wamekataa vita vyote na silaha zote za mwili, kwa lengo lolote na kwa kisingizio chochote. Ikumbukwe kwamba waliyasema hayo huku wenzao wengi wakisukumwa magerezani kwa kushukiwa uasi, kwa hiyo si tamko la watu waliokuwa wameketi raha mustarehe.

Katika jibu lile la Fox kuna jambo ambalo sisi wa makanisa mengine tumelipita mbio. Tumezoea kuomba vita vikome. Fox alizungumzia maisha yanayoondoa sababu ya vita kabla havijaanza, na hilo linadai mambo mengine kabisa: linadai tuangalie ardhi imegawanywa vipi, nani ananyimwa kazi kwa sababu ya jina lake la ukoo, nani anasimulia watoto habari gani kuhusu kijiji cha ng'ambo ya mto. Anayeianza kazi ya namna hiyo hujua kwamba huenda asiuone mwisho wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa utumwa. Mwaka 1688, Marafiki wachache wa Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka wa kupinga ununuzi na umilikaji wa watumwa, wakati ambapo Marafiki wenzao walikuwa na watumwa mashambani na majumbani mwao. Waraka ule ulipelekwa kutoka kikao kimoja hadi kingine na kila kikao kikaona ni mzito mno kwake. Baadaye alikuja John Woolman, aliyekuwa mshonaji nguo, akawa anasafiri kutoka nyumba hadi nyumba kuzungumza kwa upole na Marafiki wenye watumwa, na alipohudumiwa na watumwa katika nyumba hizo alilipa fedha ili asiwe mgeni aliyekula jasho la mtu bure. Alifariki mwaka 1772. Ilipofika 1776, Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, yaani chombo cha juu cha Marafiki wa eneo lile, uliwapiga marufuku washirika wake kumiliki binadamu. Kutoka 1688 hadi 1776 ni miaka 88. Wapo watakaosema kwamba huo ni ucheleweshaji wa aibu, na mtumwa aliyezeeka na kufa akingoja vikao viafikiane angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Sina hoja ya kumpinga. Hata hivyo, Marafiki wale walifika kwenye uamuzi huo miongo mingi kabla ya mataifa yao, na bila kumwaga damu ya mtu.

Sitakaa sana Ulaya, ingawa mengi yapo ya kusimulia. Serikali ya Uingereza ilipoanza kuwaandikisha wanaume jeshini kwa lazima mwaka 1916, watu 35 waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamiri, baadhi yao wakiwa Marafiki, walihukumiwa kifo huko Ufaransa kabla adhabu haijageuzwa kuwa kifungo cha miaka 10. Vijana wengine wa Marafiki walikwenda uwanja uleule wa vita bila bunduki, wakabeba majeruhi kwenye magari ya wagonjwa. Vita vilipokwisha, shirika la huduma lililoanzishwa na Marafiki wa Marekani mwaka 1917 lilianza kuwalisha watoto wa Ujerumani, yaani watoto wa adui wa jana, na kufikia 1921 watoto wapatao milioni moja walikuwa wakipata chakula chake kila siku.

Mwaka 1947 shirika hilo na lile la Marafiki wa Uingereza yalipewa kwa pamoja Tuzo ya Amani ya Nobel. Henry Cadbury, aliyekwenda Oslo kuipokea kwa niaba ya Wamarekani, hakuwa na koti rasmi lililotakiwa kwenye sherehe, kwa hiyo akaazima moja kutoka ghala la nguo za msaada ambako makoti ya aina hiyo yalikuwa yakikusanywa kwa ajili ya wanamuziki wa okestra ya Budapest. Nimelitaja koti hilo kwa sababu linanifurahisha, na pia kwa sababu sijui taasisi nyingine ambayo mwakilishi wake angepokea heshima kubwa kiasi hicho akiwa amevaa nguo iliyokwisha kupangiwa mwenye uhitaji.

Sasa nije nyumbani. Wamarekani watatu, Edgar Hole, Willis Hotchkiss na Arthur Chilson, walifika Kaimosi mwaka 1902. Jina la misheni yao lenyewe lilitaja kazi za viwanda, na hawakukawia kujenga kinu cha kupasulia mbao kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji. Shule na matibabu vikafuata. Wazee wetu waliwapima kwa kazi hiyo kabla ya kuwapima kwa mahubiri. Arthur Chilson huyohuyo, akiwa mzee tayari, alikwenda Burundi pamoja na mkewe na binti yao, wakaanzisha kituo cha Kibimba mwaka 1934. Hapo napenda nisimame kidogo, kwa kuwa ni Kibimba palipotokea jambo linaloonyesha imani hii inagharimu nini.

Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliyekuwa Mhutu, aliuawa Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa. Katika siku zilizofuata, wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba waliuawa kikatili kwa kuchomwa moto karibu na shule yao, na katika maeneo mengine Wahutu nao wakauawa kwa kisasi. Shule ya misheni ya amani ilikuwa imeingiwa na mauaji. Mtu angetarajia Marafiki wa Burundi wafunge milango na kukiri kwamba miaka 60 ya mahubiri imekwenda na moshi. Badala yake, mwaka uliofuata, watu wa pande zote mbili waliunda kamati ya amani palepale Kibimba, wakaanza kufanya kazi ili hospitali na shule vitumike tena na watu wote. Fikirini maana yake: kumshawishi mgonjwa aingie hospitali ambamo anaamini atauawa, na kumshawishi mzazi amrudishe mtoto katika madarasa yale. Hakuna hotuba inayoweza kufanya hivyo. Linalowezekana ni mtu anayeaminika kutembea na mgonjwa huyo hadi mlangoni, na kesho yake kutembea na mwingine.

Karibu na siku hizohizo, David Niyonzima, aliyekuwa akifundisha wachungaji huko Kwibuka, Burundi, aliponea chupuchupu huku wanafunzi wake wakiuawa. Baadaye alikutana na mmoja wa waliohusika, akamsamehe. Na mwaka 2000 alianzisha shirika la kuponya majeraha ya moyo na kupatanisha watu. Msamaha tunauhubiri sote. Niyonzima alitambua kwamba mtu ambaye usingizi umemkimbia na anayeshtuka kila akisikia mlango ukigongwa hawezi kuamriwa asamehe, bali anahitaji kwanza kusaidiwa kuelewa kinachompata, na kwamba kumsaidia hivyo ni sehemu ya Injili.

Kutoka kwenye ufahamu huo, Marafiki wa Rwanda na Burundi walianza mwaka 2003 warsha za kuponya na kujenga upya jamii. Naomba mniruhusu nizieleze kwa urefu kwa ajili ya wageni wenzangu. Wanakusanywa watu wapatao 20 kutoka mtaa mmoja au kilima kimoja, nusu wakiwa walionusurika mauaji na nusu wakiwa wa upande wa waliotuhumiwa, wakiwemo waliotoka magerezani. Wanakaa pamoja kwa siku tatu. Siku ya kwanza hawaulizwi nani alifanya nini. Wanajifunza kiwewe ni nini, kinatokana na nini, na dalili zake katika mwili na katika nyumba. Siku ya pili wanazungumza juu ya waliowapoteza, juu ya maombolezo na hasira, na hapo ndipo machozi hutoka pande zote mbili, kwa sababu mke wa mfungwa naye amepoteza. Siku ya tatu wanachora miti miwili, mmoja wa kutoaminiana na mwingine wa kuaminiana, na wao wenyewe wanataja mizizi yake: uvumi, woga, njaa, siasa za uongo upande mmoja, kusema kweli na kusaidiana upande wa pili. Kisha wanafungwa vitambaa machoni na kuongozwa kwa mkono na mwenzao, mara nyingi mtu ambaye wiki moja kabla wasingethubutu kupishana naye njiani.

Ni siku tatu tu, na sitaki kudai kwamba kila anayetoka pale amepona. Ninachokiona cha thamani ni mpangilio wake. Watu hawaambiwi wakumbatiane saa ya kwanza ili wafadhili wapige picha. Wanapewa maarifa, wanapewa nafasi ya kulia, na baada ya hapo tu ndipo wanaombwa waaminiane, tena kwa hatua chache za kutembea. Aliyeandaa utaratibu huu aliujua moyo wa mtu aliyeumizwa.

Sambamba na warsha hizo kuna mafunzo ya kutafuta njia mbadala ya ukatili, ambayo chimbuko lake ni gereza la Green Haven, New York, mwaka 1975, pale wafungwa wenyewe walipowaomba Marafiki wawasaidie kuwafundisha vijana waliokuwa wakiingia na kutoka jela. Mafunzo hayo yalifika Rwanda, na miongoni mwa waliofundishwa walikuwamo mahakimu wa gacaca, yaani mahakama za kijiji, wananchi wa kawaida waliobebeshwa kesi za mauaji ya kimbari hadi mahakama hizo zilipofungwa Juni 2012. Wazo lililozaliwa na wafungwa wa Marekani likawafaa mahakimu wa Afrika. Mungu ana njia zake.

Kisha ikaja zamu yetu. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilituua Wakenya zaidi ya 1,100 na kuwafukuza makwao mamia ya maelfu. Marafiki walikuwa na taabu ya pekee, kwa kuwa ngome yao ya magharibi inapakana na Bonde la Ufa, na katika sehemu kama Lugari na Turbo walikuwa majirani wa waliofukuzwa na vilevile majirani, pengine ndugu, wa waliofukuza. Mwezi Januari 2008, kabla mkataba wa amani uliosimamiwa na Kofi Annan haujatiwa saini tarehe 28 Februari, viongozi wa Marafiki walikutana Kakamega kutafakari wajibu wao. Walipeleka chakula na mahitaji kwa waliokuwa kambini, na huduma hiyo ya mkono ndiyo iliyowafungulia mlango wa kuzungumza. Ni baada ya hapo tu ndipo walipoanza kuwaendea vijana waliochoma nyumba, jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tayari kulifanya, kwa sababu tulitaka vijana wale wapatikane na polisi na si na wachungaji.

Nisipomtaja David Zarembka nitakuwa nimekosa adabu. Mmarekani huyu, aliyehamia Lumakanda, magharibi mwa Kenya, na mkewe Mkenya, alitumia miaka mingi kuzisukuma kazi hizi za Rwanda, Burundi na Kenya, na alikuwa mkali kwa wageni wanaokuja Afrika kufundisha amani bila kuwasikiliza wenye nchi. Yeye na mkewe walifariki mwaka 2021, wakati wa janga la UVIKO. Lakini yeye mwenyewe angesema, na kwa haki, kwamba wengi waliobeba mzigo walikuwa wawezeshaji wenyeji, hasa akina mama, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote na ambao walilipiwa nauli ya matatu, kama walilipiwa.

Shukrani ya kweli haiwi ya kupaka mafuta, kwa hiyo mnivumilie kwa aya moja. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki uliundwa mwaka 1946 ukiwa mmoja; tangu miaka ya 1970 umegawanyika tena na tena, na baadhi ya migawanyiko hiyo ilifuata mipaka ya lugha na ukoo na ilihusu uongozi na mali. Watu wanaoweza kuwaketisha chumba kimoja mjane na aliyemfanya mjane wameshindwa wakati mwingine kuketi wenyewe kwa wenyewe. Siyasemi haya kwa kejeli, kwa sababu makanisa yetu yamegawanyika vibaya zaidi na kwa sababu ndogo zaidi. Nayasema kwa kuwa mna hazina ambayo sisi hatuna, ule utaratibu wenu wa kufikia uamuzi bila kura, ambapo karani husikiliza hadi aitambue nia ya mkutano, huandika kumbukumbu na kuisoma mbele ya wote, na mtu mmoja mwenye mzigo moyoni anaweza kuwafanya wote wangoje. Penye kura pana aliyeshindwa, na aliyeshindwa hurudi nyumbani kupanga kurudi tena. Itakuwa hasara kwetu sote ikiwa utaratibu huo utaachwa na wale walioulea, hata kwa kisingizio cha kuokoa muda.

Sasa ombi langu kwa wageni wenzangu wa makanisa mengine, maana tusije tukapiga makofi na kuondoka. Uchaguzi mkuu wetu ujao ni Agosti 2027. Tukingoja hadi mabango ya wagombea yabandikwe, tutakuwa tumechelewa, na mahubiri yetu ya amani yatasikika kama tangazo la tume ya uchaguzi. Tuwaombe Marafiki watufundishie wawezeshaji sasa. Kila parokia au usharika uchague watu wawili, mmoja wao awe kijana ambaye mtaa unamwogopa kidogo, kwa kuwa huyo ndiye atakayefuatwa siku ya hasara. Kumbi zetu zikae wazi bila malipo kwa warsha hizo, na makusanyo ya Jumapili moja kwa mwaka yaende kwenye nauli na chakula cha wawezeshaji. Katika maeneo yaliyochomwa mwaka 2008, washiriki watoke makanisa mawili ya jamii mbili tofauti, na wachungaji wa makanisa hayo waingie warsha kama washiriki, wakikaa kwenye viti vilevile, bila kupewa nafasi ya kufungua kwa hotuba ndefu kama hii yangu.

Kwenu Marafiki, kwa wale mliopeleka unga kambini na wale mliokwenda kuwatafuta vijana kwenye vijiwe vyao, kwa akina mama mlioongoza warsha za Lugari na Turbo, na kwa ndugu zenu wa Kigali na Kibimba watakaosomewa maneno haya: asanteni sana. Karani msimamizi, naurudisha mkutano kwako.